HISTORIA YA SATARANJI ZETU ZA MBAO NA NGOZI



Kamati ya maadhimisho imetutaka sisi wanne tunaotengeneza sataranji tuandike habari za kazi yetu, ili wanetu na wajukuu waje kusoma na kujua ilikotoka. Tumekubali kwa furaha. Lakini tulipokaa kupanga maneno tuliona kwamba habari hizi haziwezi kuanza na sisi. Mchezo wenyewe ni wa zamani mno, nao umepita mikononi mwa mafundi wengi kabla ya kufika huku kwetu Muheza. Basi tutaanza mbali, kisha tutashuka taratibu mpaka kwenye sanduku letu la kufuli tatu.

MCHEZO ULIKOTOKA

Wanahistoria wengi wanakubaliana kuwa mchezo huu ulianzia Bara Hindi, karibu na karne ya 6. Jina lake la huko lilikuwa chaturanga, maana yake sehemu nne, kwa kuwa jeshi la wakati ule lilikuwa na sehemu nne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kutoka huko ukaenda Uajemi. Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua na mchezo wake, wakauita shatranj. Neno letu sataranji limetoka humo. Kutoka kwa Waarabu ukavuka kwenda Ulaya, na ilipokaribia mwaka 1000 ulikuwa umekwisha kujulikana huko.

Kila ulipopita, mafundi waliuchonga kwa walichonacho. Katika jumba moja la makumbusho la New York, liitwalo Metropolitan, zimehifadhiwa kete za karne ya 12 zilizotoka Nishapur, Iran. Zimefinyangwa, wala hazina sura ya mtu wala mnyama. Ni maumbo matupu ya duara na pembe, na mchezaji alitambua mfalme kwa umbo lake. Huko kaskazini ya Ulaya mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1831 katika kisiwa cha Lewis, Scotland, zilionekana kete nyingi za karne ya 12 zilizochongwa kwa pembe za mnyama wa baharini aitwaye walrasi. Hizo zina sura za watu kabisa. Malkia wake ameketi kitini, mkono shavuni, macho yamemtoka. Tulipoonyeshwa picha yake, mmoja wetu akasema, "Huyu naye anawaza ada ya shule." Tukacheka sana, lakini tangu siku hiyo tunampenda.

Tatizo lilikuwa kwamba kila nchi ilikuwa na maumbo yake, na mgeni akikaa kucheza aliweza kumchanganya malkia na askofu. Mwaka 1849 kampuni ya Jaques ya London ilitoa kete za mtindo mmoja ulio wazi, zikapewa jina la bingwa wa siku zile, Howard Staunton. Mfalme ana msalaba kichwani, malkia ana taji, ngome ni mnara, farasi ni kichwa cha farasi. Mtindo huo ndio unaotumika katika mashindano mpaka leo, nasi tumeufuata, isipokuwa yule anayeitwa askofu. Kwa Waarabu huyo alikuwa tembo, na kwa kuwa kikundi chetu kina Waislamu na Wakristo, tulikubaliana arudi kuwa tembo. Watoto nao wamempenda zaidi.

HABARI ZA MALKIA

Jambo hili tunaliandika kwa makusudi, maana ndilo lililowanyamazisha waliosema sataranji si mambo ya kina mama.

Katika mchezo wa Waajemi na Waarabu hakukuwa na malkia. Aliyekaa ubavuni mwa mfalme alikuwa waziri, tena mnyonge: alikwenda hatua moja tu, kimshazari. Mchezo ulipofika Ulaya nafasi hiyo ikapewa malkia, lakini kwa karne kadhaa alibaki na ule unyonge wa waziri. Ni mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania na Italia, sheria zilipobadilishwa akapewa mwendo wa mbali, mbele na nyuma, pembeni na kimshazari. Tangu hapo hakuna kete yenye nguvu kumshinda. Mfalme ndiye anayelindwa. Anayefanya kazi ni mama.

Hata wachezaji wanawake wamekuwapo. Mwaka 1927, London, Vera Menchik alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake. Mwaka 1978 Nona Gaprindashvili wa Georgia alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha juu cha mabingwa wakuu, kile ambacho wanaume ndio waliokuwa wakikipata. Na hapa jirani tu, Uganda, yupo Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Alimfuata kaka yake mahali watoto walipopewa uji na kufundishwa sataranji na mwalimu Robert Katende, naye akajifunza. Mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya timu huko Urusi, na mwaka 2016 ikatoka sinema inayoeleza maisha yake. Alifuata uji, akapata na mchezo.

KAZI ILIVYOANZA KIKUNDINI

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa akiwafundisha watoto sataranji jioni. Ubao ulikuwa kipande cha boksi kilichochorwa kwa kalamu, kete zilikuwa vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi. Vizibo vikipeperuka au vikikanyagwa, mchezo umekwisha. Wasichana walikuja siku mbili tatu wakaacha, kwa sababu wavulana waliwahi ubao mmoja uliokuwapo.

Ndipo sisi wanne, marafiki tangu upatu wa zamani kabla ya kikundi, tukaanza kuulizana. Mmoja wetu ni mjane wa seremala, na keezo la marehemu lilikuwa bado limo bandani. Wa pili baba yake alikuwa fundi wa makubadhi, naye tangu utotoni anajua kukata na kushona ngozi. Wa tatu ni mshonaji wa nguo. Wa nne anauza machungwa, na shambani kwao michungwa iliyozeeka hukatwa ikawa kuni. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kazi nyumbani kwake bila kujua.

Mwaka wa tatu wa kikundi tukaomba mkopo wa kununua mota ya keezo, vipande vya mpingo na ngozi. Wanaokumbuka mkutano ule wanajua ulivyokuwa moto. Walikuwapo waliosema, "Eti hela za watu zikanunue mchezo? Mchezo wa wanaume wa vijiweni?" Mama mmoja, ambaye kwa heshima tutamwita Mama Kanuni, alisimama akauliza maswali matatu: nani atanunua, kwa bei gani, na asiponunua nani atalipa. Tulijibu mawili, la tatu likatushinda. Mwenyekiti akaamua tulete kwanza seti moja mezani, kisha mkutano uamue.

Ilituchukua wiki saba. Siku tuliyoileta, kete thelathini na mbili zilipita mkono kwa mkono kuzunguka duara lote, na kila mtu alikuwa akimgeuzageuza farasi. Mkopo ukapita, kwa wadhamini wawili kila mmoja, kama katiba inavyotaka.

Mwaka uliofuata likatukuta jambo. Duka moja la vitu vya watalii, ambalo jina lake halina haja hapa, lilichukua seti kumi kwa ahadi ya kulipa zikishauzwa. Tulikwenda, tukarudi, tukapigwa kalenda, mwisho tukakuta mlango umefungwa na mwenyewe amehama. Marejesho yalikuwa yanadaiwa. Wapo waliotaka tusamehewe. Mama Kanuni akakataa, akasema fedha ya sanduku ni ya mjane na ya mwenye mgonjwa, haiwezi kusamehewa kwa sababu ya urafiki. Lakini akaomba tuongezewe miezi mitatu bila faini. Ndivyo ilivyokuwa. Tulilipa kwa machungwa, kwa kushona sare za shule, na kwa kukereza miguu ya viti na vitanda. Ilipolipwa shilingi ya mwisho, yule mama alikuja bandani na daftari jipya, akatufundisha kuandika oda: nusu ya bei kwanza, nusu siku ya kuchukua. Daftari hilo ndilo tunalotumia mpaka leo, na yeye ndiye mkaguzi wetu.

JINSI TUNAVYOFANYA

Kete nyeusi ni za mpingo. Mti huu ni mzito hata huzama majini, na ugumu wake hula patasi. Kwa hiyo tunanoa mara kwa mara na kukereza polepole. Vumbi lake huwasha, lazima kufunga kitambaa puani na mdomoni. Kete nyeupe ni za mchungwa mzee, mbao yake ni ya manjano hafifu na nyuzi zake zimeshikana vizuri. Ukikatwa mbichi ukawekwa juani hupasuka, basi tunapaka nta kwenye ncha za vipande na kuviacha kivulini miezi kadhaa.

Vipimo tunafuata vya FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924: mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, tembo 7, farasi 6, ngome 5.5, na askari 5. Zote hukerezwa isipokuwa kichwa cha farasi. Farasi hachongeki kwa mashine. Ni kisu, tupa na uvumilivu, na wako wanne katika kila seti. Mwisho ni msasa. Wazee wetu walisugulia mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, ndiyo maana karatasi ya dukani nayo ikaitwa hivyo hivyo. Mpaka leo majani hayo tunayatumia kwa kumalizia pale karatasi inapokwaruza, kisha tunapaka nta ya nyuki.

Ubao ni wa ngozi ya mbuzi, ili ukunjwe kama mkeka mdogo. Tunachagua ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, si kwa dawa ya kiwandani, na sababu yake ni hii. Tunaloweka misumari yenye kutu ndani ya siki siku kadhaa. Maji yale yakigusa ngozi ya magome, ngozi hubadilika kuwa nyeusi yenyewe, kwa sababu chuma hushikana na ile asili ya magome iliyomo ndani. Ngozi ya dawa haikubali. Kwanza tunachora mistari kwa ncha ya kisu, ili maji yasivuke kwenda chumba cha jirani, halafu tunapaka vyumba thelathini na viwili na kuacha thelathini na viwili. Baadaye ngozi huoshwa kwa maji ya magadi kidogo kuua ukali wa siki, na kupakwa mafuta ya nazi isikauke. Mabaki hukatwa duara ndogo za kubandika chini ya kete, zisikwaruze ubao wala kupiga kelele. Mfuko wa kuwekea kete hushonwa kwa mabaki ya kitenge, na kazi hiyo ni ya mshonaji wetu.

Pesa zake si za kutajirisha. Lakini zimelipa ada, zimeezeka nyumba mbili kwa bati, na keezo la marehemu halikuuzwa kama chuma chakavu.

MTI WENYEWE

Kuna jambo moja linalotunyima usingizi. Mpingo hukua polepole sana. Huchukua miaka sabini hata mia moja kufikia kipimo cha kuvunwa. Ndio huo huo unaotafutwa na watengenezaji wa zumari za Ulaya na wachongaji wa vinyago. Tukikata bila kupanda, wajukuu watausoma vitabuni. Wenzetu wa Kilwa wametuonyesha njia: misitu ya vijiji vyao inavunwa kwa mpango, na mwaka 2009 ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, jambo ambalo misitu ya asili ya vijiji ilikuwa haijalipata kokote Afrika. Sisi hatuna msitu. Ila hatununui gogo. Tunanunua vipande vinavyobaki kwa wachongaji wenye stakabadhi, na askari wadogo hutoka vizuri kwenye vipande vifupi.

Tena, kwa azimio la mkutano mkuu uliopita, kila seti inayouzwa inatoa fedha ya miche miwili: mpingo mmoja na mchungwa mmoja. Mchungwa tutaula sisi. Mpingo hatutauvuna, na tunajua. Mahali pa kupanda ni kando ya uwanja wa shule ile ile ya msingi, ambako sasa kuna mbao nne za ngozi, na mbili kati yake, kwa amri ya mwalimu, zinachezwa na wasichana kwanza.

Tunaomba wanachama wajitokeze Jumamosi ya kwanza ya mvua za vuli, kila mmoja na jembe na ndoo yake. Mashimo yamekwisha kupimwa.