Kutoka V-2 za Tottenham hadi Mikondo ya Galaksi

Kuanzia Septemba 1944 hadi Machi 1945, wakazi wa Tottenham, kama wenzao wa London nzima, waliishi chini ya makombora ya V-2 ya Ujerumani. Yaliruka kwa kasi kubwa kuliko ya sauti: mlipuko ulitangulia, ngurumo ya ujio wa kombora ikasikika baadaye. Mbele ya kitu chenye kasi hiyo, hewa hukosa muda wa kupisha, ikabanwa ghafla. Hilo ndilo wimbi la mshtuko.

Jeshi la Uingereza likamtaka mwanafizikia James Stanley Hey arekebishe rada za mizinga ziyaone makombora mapema. Rada zilisumbuliwa na kelele za redio kutoka angani. Vita vilipokwisha, Hey alizifuatilia kelele hizo, na mwaka 1946 yeye na wenzake wakatangaza chanzo cha ajabu upande wa kundinyota la Cygnus. Mwaka 1954, wanaastronomia Walter Baade na Rudolph Minkowski walionyesha kuwa ni galaksi, Cygnus A, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 750. Naihesabu kuwa zawadi kubwa kuliko zote ambazo rada za vita vile ziliipa sayansi.

Mawimbi hayo ya redio yalitoka wapi? Dokezo lilikuwa katika galaksi nyingine. Tangu 1918, mwanaastronomia Heber Curtis alikuwa ameona mstari mnyoofu wa nuru, yaani mkondo, ukichomoza katika galaksi ya M87. Mwanaastrofizikia Iosif Shklovsky alieleza kuwa nuru hiyo hutoka kwa elektroni zenye kasi inayokaribia ya nuru, zikizunguka katika uga wa sumaku. Basi mawimbi yake yangepaswa kutikisika zaidi kwa mwelekeo mmoja, yaani kuwa na upolarishaji. Baade aliuona katika M87 mwaka 1956. Mwaka 1962 ukapimwa katika redio ya Cygnus A.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia ya mikondo hii. Desemba 12, 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, ikapima eksirei za M87 na za galaksi ya Centaurus A.

Mwaka 1985, Philip Hughes, Hugh Aller na Margo Aller wa Michigan walieleza kinachotokea mikondo ya galaksi inapolipuka: wimbi la mshtuko, kama lile la V-2, huupitia uga wa sumaku uliovurugika kama nyuzi zilizosokotana, likaubana na kuulaza upande mmoja, na upolarishaji ukapanda. Mwaka 2021, darubini za Event Horizon zilichora upolarishaji huo pembezoni mwa shimo jeusi la M87, mahali unapoanzia mkondo aliouona Curtis.