Mwendesha Baiskeli wa Kulipwa: Maana na Mipaka ya Istilahi

Kurasa za michezo za Kiswahili zina jozi ya istilahi iliyokwisha kukomaa: kulipwa na ridhaa. Tunasema ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa, na msomaji haulizi tofauti. Kando ya jozi hiyo limezuka neno la vijiweni, proo, na wingi wake maproo, ambalo mara nyingi humlenga mchezaji anayesakata soka nje ya nchi yake. Na katika maandishi ya kiofisi wapo wanaoona kwamba kutaja malipo kunamshusha mwanamichezo, hivyo hupendelea kumwita mweledi au mwanataaluma. Makala haya yanaitetea istilahi ya zamani. Mwanamichezo wa kulipwa ni jina sahihi kwa sababu linataja mkataba, halitoi sifa. Na mchezo unaolithibitisha hilo kuliko mingi ni mbio za baiskeli za velodromu, yaani kiwanja cha duara dufu ambacho leo kwa kawaida huwa na sakafu ya mbao, mzunguko wa mita 250, na kona zilizoinuliwa kwa mwinamo unaozidi nyuzi 40. Baiskeli ya humo haina breki wala friwili: maadamu gurudumu linazunguka, pedali nazo zinazunguka, na miguu ya mwendeshaji haina ruhusa ya kupumzika.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Chicago mwaka 1893, nayo yalikuwa ya waendeshaji wa ridhaa peke yao. Miaka miwili baadaye, mjini Cologne, wa kulipwa wakapewa mataji yao, na kwa karibu karne nzima kukawa na mabingwa wawili wa dunia katika mbio zile zile. Ni nini hasa kilichowatenga? Tumtazame Patrick Sercu wa Ubelgiji. Mwaka 1963 alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa katika mbio fupi za kuviziana, na mwaka 1964 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo katika mbio za kilomita moja dhidi ya saa. Kisha akaingia upande wa kulipwa, akawa bingwa wa dunia tena mwaka 1967 na 1969, na kabla ya kustaafu alikuwa ameshinda mbio za siku sita mara 88. Hakuna anayeweza kudai kwamba Sercu wa Tokyo hakuwa mweledi na kwamba uweledi ulimwingia siku aliyotia saini mkataba. Kilichobadilika ni hadhi yake mbele ya kanuni, na kanuni hiyo ilihusu fedha.

Ushahidi ulio mzito zaidi unatoka Japani. Mwaka 1948 sheria iliruhusu serikali za mitaa kuendesha mbio za baiskeli zenye kamari ili kupata fedha za kuijenga upya nchi iliyobomolewa na vita, na mbio za kwanza zikafanyika Kokura. Mbio hizo huitwa keirini, na zimekuwa ajira kamili: vijana husomea kazi hiyo katika chuo chake huko Izu, hupangwa katika madaraja, na siku za mashindano hutengwa bwenini bila simu ili wasipange matokeo na watu wa nje. Humo ndimo alimotoka Koichi Nakano, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kulipwa katika mbio fupi za kuviziana mara 10 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1986. Katika miaka hiyo Olimpiki ilichezwa Moscow na Los Angeles, na Nakano hakuwa na njia ya kuingia hata angetaka, kwa kuwa aliishi kwa zawadi za mbio. Neno mweledi haliwezi kueleza kwa nini mtu huyo alifungiwa mlango. Neno wa kulipwa linaeleza mara moja.

Hapa patatokea pingamizi la haki. Je, waliokuwa ndani ya mlango huo hawakulipwa? Lutz Hesslich wa Ujerumani Mashariki alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1980 na 1988 kama mwanamichezo wa ridhaa, ilhali mfumo wa nchi yake uliwatunza wanamichezo wa kiwango chake ili mazoezi yawe ndiyo kazi yao. Kama fedha ndiyo mpaka, mpingaji atasema, basi mpaka huo ulikuwa wa uongo na istilahi yetu inaurithi uongo huo. Nakubali sehemu ya kwanza na kuikataa ya pili. Kanuni ilikuwa na unafiki, tena wa tangu asili: huko Uingereza ya karne ya 19, kanuni za ridhaa katika mbio za makasia ziliwazuia hata watu wa kazi za mikono, kwa maana ridhaa lilikuwa pia jina la tabaka lisilohitaji ujira. Lakini istilahi inayoufichua unafiki ni bora kuliko inayoufunika. Ukiandika kwamba Hesslich alikuwa wa ridhaa, msomaji wa Kiswahili atauliza papo hapo: alikula nini? Ukiandika kwamba hakuwa mweledi, utakuwa umesema jambo lisilo kweli na swali lenyewe utakuwa umelizika.

Kuna faida nyingine iliyomo ndani ya sarufi yenyewe. Kulipwa ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa hudai mtenda: amelipwa na nani, na kwa lipi? Katika velodromu jibu la swali hilo ndilo linalochora maisha ya kazi ya mwendeshaji. Marshall Taylor, Mmarekani mweusi aliyejulikana kama Major Taylor, alianza kulipwa mwaka 1896 akiwa na umri wa miaka 18, miaka miwili baada ya chama kikuu cha waendesha baiskeli cha Marekani kuwafungia weusi uanachama. Mwaka 1899 akawa bingwa wa dunia mjini Montreal. Waliomlipa ni waandaaji wa mbio, na waandaaji hulipa kadiri watazamaji wanavyojaa. Ndiyo sababu mwaka 1901 aliweza kwenda Ulaya kwa mkataba uliokubali imani yake ya kutoshindana Jumapili. Ila mlipaji wa namna hiyo hana deni kwa mtu aliyekwisha kustaafu. Taylor aliacha mbio mwaka 1910, na mwaka 1932 akafa maskini huko Chicago. Mwendeshaji wa keirini analipwa kutokana na fedha za wacheza kamari, hivyo anachungwa kwa masharti ambayo Taylor hakuyajua. Sercu alilipwa na wenye kumbi za mbio za siku sita, ambao walinunua jina lake pamoja na miguu yake. Watatu hao ni wa kulipwa, na kila mmoja kazi yake ilichukua umbo la mkono uliomlipa.

Pingamizi la mwisho ni kwamba mgawanyo wenyewe umekufa. Ni kweli: mashindano ya dunia ya mwaka 1993 huko Hamar, Norwe, yaliwaunganisha wa ridhaa na wa kulipwa, na Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ikawafungulia wa kulipwa mlango, hata Takanobu Jumonji, mtu wa keirini, akarudi Japani na shaba ya kilomita moja. Lakini kufa kwa kanuni hakukuondoa malipo. Kulibadili walipaji tu. Uingereza ilianza mwaka 1997 kuwagharimia wanamichezo wake bora kwa fedha za bahati nasibu ya taifa, na Chris Hoy, mwenye dhahabu 6 za Olimpiki, ni zao la mfumo huo wa ruzuku. Kumwita proo kunamweka fungu moja na mchezaji wa klabu ya soka, jambo linalopotosha, maana mwenye ruzuku akishuka kiwango hana klabu ya kumuuza, na fungu lake huamuliwa na matarajio ya medali. Tiba si kuitupa istilahi bali kuikamilisha. Tuandike mwendesha baiskeli wa kulipwa kwa zawadi, kwa mkataba, au kwa ruzuku, kadiri hali ilivyo. Uweledi tuuache ubaki sifa ya mtu anayeijua na kuiheshimu kazi yake, awe analipwa au halipwi. Na ridhaa tuitumie kwa tahadhari tunapoandika historia, tukikumbuka kwamba mara nyingi ilikuwa maelezo ya kanuni kuliko ya mfuko wa mtu.