Anselm na Mtetezi wa Mpumbavu

Katika nyumba ya watawa ya Bec, nchini Normandy, aliishi Anselm, mzaliwa wa Aosta wa mwaka 1033. Alikuwa amekwisha kuandika kitabu chenye hoja nyingi zilizofungamana kama pete za mnyororo, kuonyesha kuwa Mungu yuko. Lakini moyo wake haukuridhika. Alitaka hoja moja tu, isiyohitaji nyingine kuitegemeza. Eadmer, mfuasi aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba shauku hiyo ilimnyima chakula, kinywaji na usingizi, na ikamwondolea makini katika sala, jambo lililomtia hofu zaidi. Alidhani ni kishawishi cha Shetani. Kadiri alivyoifukuza ndivyo ilivyomwandama. Hata usiku mmoja, katika sala za kesha, mwanga ukamjia. Akaandika juu ya vibao vya nta. Vibao vya kwanza vikapotea. Vya pili vikakutwa sakafuni, nta imevunjika vipande vipande. Vipande vikaunganishwa kwa taabu, na maneno yakanakiliwa juu ya ngozi. Hicho ndicho kitabu kiitwacho Proslogion, cha miaka ya 1077 na 1078.

Hoja yenyewe ni fupi. Mungu ni kile ambacho hakuna kikubwa kuliko hicho kinachoweza kufikiriwa. Mpumbavu wa Zaburi, asemaye moyoni kuwa hapana Mungu, ayasikiapo maneno haya huyafahamu. Basi kitu hicho kimo akilini mwake. Lakini kama kingekuwa akilini tu, kingeweza kufikiriwa kuwa kiko pia kwa hakika, na hilo ni kubwa zaidi. Ndipo kisichoweza kuzidiwa kingekuwa kimezidiwa, jambo lisilowezekana.

Gaunilo, mtawa wa Marmoutier karibu na Tours, naye mwumini, akashika kalamu kumtetea mpumbavu. Alisema: mtu akisimuliwa habari za kisiwa kilichopotea, bora kuliko visiwa vyote, atafahamu maneno; je, imlazimu kukubali kwamba kisiwa hicho kipo? Anselm alijibu kuwa hoja yake haifai kwa kisiwa, wala kwa kitu chochote kiwezacho kufikiriwa kuwa hakipo. Jibu hilo lina nguvu kuliko wengi wanavyokiri. Lakini Gaunilo alikuwa na swali jingine, zito kuliko la kisiwa: je, kusikia maneno juu ya Mungu ni sawa na kuwa naye akilini? Hapo jibu la Anselm halitoshi. Karne ya 13, Thomas Aquinas aliikataa hoja hiyo kwa sababu iliyo jirani na swali hilo: binadamu haijui asili ya Mungu, hivyo hana budi kuanzia katika vitu vionekanavyo, kama vile mwendo.

Anselm hakumkasirikia mpinzani wake, wala hakumficha. Aliagiza kwamba tangu siku hiyo kila anakiliye Proslogion aandike mwishoni maneno ya Gaunilo, kisha majibu yake. Wanakili walitii, na hivyo ndivyo hoja za mpumbavu zilivyohifadhiwa na watawa.