Ndui Ilivyotokomezwa: Kutoka Njia za Misafara hadi Merca

Tarehe 26 Oktoba 1979, jijini Nairobi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza habari ambayo haijapata kutangazwa tena juu ya ugonjwa mwingine wowote wa binadamu: ndui imekwisha duniani. Siku hiyo ilitimia miaka miwili tangu mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa mitaani atokwe na vipele, katika mji wa Merca, pwani ya Benadir, kusini mwa Mogadishu. Mei 8, 1980, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulilipitisha tangazo hilo rasmi mjini Geneva.

Vijana wa leo hawaijui ndui, na hilo ni jambo la kushukuru. Ilianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo, kisha vipele vikajaa usoni, mikononi na miguuni, vikatunga usaha. Katika aina yake kali, kati ya watu 10 waliougua, 3 hivi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake ndui iliua watu wapatao milioni 300.

Huku kwetu ndui ilitembea na watu. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipitisha pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa, na ndui ikapita humo humo. Richard Burton, aliyeifuata njia hiyo mwaka 1857 na 1858, aliandika juu ya wapagazi waliokuwa wakipepesuka huku macho yamezibwa na ugonjwa, na akina mama waliobeba mgongoni watoto waliojaa vipele. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Wamaasai, njaa ikafuata, ndui ikawakuta watu tayari wamedhoofika. Mwishoni mwa muongo huo ikawa zamu ya nchi ya Wakikuyu: njaa na ndui kwa pamoja, mashamba yakabaki bila wa kuyalima. Wanaoyasoma mapori ya wakati ule kama ardhi iliyokuwa haina wenyewe wanasahau kwamba wenyewe walikuwa wamekufa.

Dawa ya kuiponya ndui haikuwepo. Kilichokuwepo ni kinga, na ilijulikana kabla ya hospitali za kisasa. Katika sehemu za Asia na Afrika watu walichukua usaha wa mgonjwa mwenye ndui nyepesi, wakachanja ngozi ya mtu mwenye afya na kuupaka. Mtu huyo aliugua kidogo, na akipona haugui tena. Waliokuja kuifanya elimu hiyo ivuke bahari hawakuwa madaktari tu. Mjini Boston, Marekani, Mwafrika mmoja aliyetiwa utumwani, aliyepewa na bwana wake jina la Onesimus, alimweleza bwana huyo, mhubiri Cotton Mather, kwamba kwao alichanjwa namna hiyo, akamwonyesha na kovu mkononi. Ndui ilipozuka Boston mwaka 1721, Mather alimshawishi daktari Zabdiel Boylston ajaribu. Boylston alichanja watu kiasi cha 240, wakafa 6. Miongoni mwa walioambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, alikufa takriban mmoja katika kila 7. Watu walimtukana Boylston, na nyumba ya Mather ikarushiwa bomu la mkono. Lakini hesabu ilikuwa imeshasema, na katika hesabu hiyo jina la kwanza ni la mtumwa. Vitabu vingi vya shule vinaanza historia ya chanjo miaka 75 baadaye, na si haki.

Miaka hiyo 75 baadaye ndipo anapoingia Edward Jenner, daktari wa mashambani Uingereza. Wakamuaji wa kwao walikuwa na kauli kwamba aliyewahi kushikwa na ndui ya ng'ombe, ugonjwa mdogo wa malengelenge mikononi, hashikwi na ndui ya watu. Mei 14, 1796, Jenner alichukua majimaji ya lengelenge katika mkono wa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8. Wiki kadhaa baadaye alimchanja tena, safari hii kwa usaha wa ndui yenyewe. Mtoto hakuugua. Jaribio kama hilo leo lisingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili, na ni vyema lisiruhusiwe. Ila jambo lililothibitishwa siku zile ndilo msingi wa chanjo zote tunazopewa hadi leo: mwili ukionyeshwa adui aliyedhoofishwa, au kipande chake tu, au ndugu yake asiye na madhara makubwa, unatengeneza askari wa kupambana naye na unamweka kwenye kumbukumbu. Adui halisi akija, anakuta jeshi limeshapangwa.

Shida ilikuwa kuisafirisha. Mwaka 1803 Hispania ilipotaka kupeleka chanjo kwenye makoloni yake ya Amerika, ilipakia melini watoto yatima 22, wakachanjwa kwa zamu njiani, lengelenge la mmoja likimchanja mwenzake, ili chanjo ifike ikiwa hai. Katika nchi za joto chanjo ya majimaji iliharibika upesi, na mtu aliyechanjwa kwa chanjo iliyokufa alikuwa sawa na ambaye hakuchanjwa, isipokuwa yeye alidhani amekingwa. Tatizo hilo lilipata ufumbuzi miaka ya 1950, pale Leslie Collier wa Taasisi ya Lister mjini London alipopata njia ya kuikausha chanjo kwa kuigandisha, ikawa unga unaostahimili joto kwa wiki nyingi.

Mwaka 1958 Viktor Zhdanov wa Umoja wa Kisovieti aliuomba Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uazimie kuifuta ndui duniani kote. Ukakubali, lakini fedha zilikuwa chache na kasi ndogo. Kampeni kubwa ilianza mwaka 1967 chini ya Mmarekani D. A. Henderson. Wakati huo ndui ilikuwa bado imeota mizizi katika nchi 31, na ilikadiriwa kuua watu milioni 2 kwa mwaka. Ikumbukwe kwamba Wamarekani na Wasovieti walikuwa wakitishiana makombora ya nyuklia miaka hiyo hiyo, huku Moscow ikitoa mamilioni ya dozi za chanjo.

Chombo kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote kilikuwa kidogo kabisa: sindano ya chuma isiyo na tundu, fupi kuliko kidole, yenye ncha mbili kama uma mdogo. Ukiichovya kwenye chanjo, tone linanasa katikati ya ncha. Mchanjaji aliisimamisha wima juu ya mkono, karibu na bega, akadonoa upesi upesi mara 15 mahali pamoja mpaka damu ichungulie. Baada ya siku tatu au nne kilitokea kipele. Kufikia wiki moja kikatunga usaha. Wiki ya tatu gamba likaanguka na kuacha kovu la mviringo. Kovu hilo ndilo lililokuwa cheti. Sindano ilichemshwa ikatumika tena, ilikula robo tu ya chanjo iliyohitajika zamani, na kijana yeyote wa kijijini aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi sana.

Hata hivyo, kuchanja kila mtu hakukuwezekana. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege alijikuta na mlipuko wa ndui na chanjo kidogo. Badala ya kuwachanja wote, timu yake ilitafuta kila mgonjwa, ikawachanja waliomkaribia, kisha jirani za hao. Mlipuko ukazimika. Mbinu hiyo ilifaa kwa sababu ya tabia za ndui yenyewe: haiishi kwa mnyama yeyote, mgonjwa wake haachi kuonekana, na huchukua siku 12 hivi tangu kuambukizwa hadi kuugua, kiasi kwamba aliyechanjwa ndani ya siku tatu au nne baada ya kukutana na mgonjwa anaweza bado kukingika. Kuanzia hapo kazi ikawa kutafuta. Watu walipita sokoni, shuleni na visimani wakiwa na picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza kama kuna aliyemwona mtu wa namna hiyo, na zawadi ikitolewa kwa atakayemfichua.

Asia ilikombolewa mwaka 1975, Ethiopia mwaka 1976. Ikabaki Somalia, ambako mwaka 1977 waliandikwa wagonjwa zaidi ya 3,000, wengi wao wafugaji wanaohamahama, na vita vya Ogaden kati ya Somalia na Ethiopia vimeshaanza.

Oktoba 12 mwaka huo, gari liliwabeba watoto wawili wa wafugaji wenye ndui kuwapeleka kambi ya kutengwa, Merca. Dereva alisimama hospitalini kuuliza njia. Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali hiyo, akaingia garini awaelekeze. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Msichana mmoja kati ya wale wawili, mwenye miaka 6, alifariki siku mbili baadaye.

Maalin aliwahi kuajiriwa kwa muda kama mchanjaji wa ndui. Yeye mwenyewe hakuwa amekingwa. Alieleza miaka mingi baadaye kwamba aliiogopa sindano, aliona kama inauma. Oktoba 22 alipata homa, akatibiwa malaria. Oktoba 26 vipele vikatoka, ikadhaniwa ni tetekuwanga, akarudishwa nyumbani, marafiki wakawa wanaingia na kutoka kumjulia hali. Oktoba 30 muuguzi aliyefanya naye kazi akatoa taarifa. Wafuatiliaji walipata watu 161 waliokutana naye. Hospitali ilifungiwa wagonjwa wapya, walinzi wakawekwa kwenye barabara na vijia vya kuingia mjini, na nyumba zikapitiwa moja moja. Katika wiki mbili walichanjwa watu 54,777. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na Maalin, naye akapona.

Ndui iliua mara moja tena. Mwaka 1978 virusi vilimfikia Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha tiba mjini Birmingham, Uingereza, aliyefanya kazi katika jengo lenye maabara ya ndui. Alifariki Septemba 11. Leo virusi hivyo vinajulikana kuhifadhiwa mahali pawili tu, Atlanta nchini Marekani na Koltsovo nchini Urusi.

Waliofanya kazi ile hawakuketi. Tangu 1974 WHO ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwachanja watoto wote dhidi ya maradhi sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, pepopunda, kifaduro na surua. Wakati huo chini ya watoto 5 katika kila 100 wa nchi maskini walikuwa wakichanjwa. Tanzania ilianza mpango wake mwaka 1975, Kenya mwaka 1980. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kwamba katika miaka 50 mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 154, wengi wao watoto wachanga, na chanjo ya surua ndiyo iliyookoa wengi zaidi. Sotoka nayo, ile iliyowafilisi Wamaasai, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, kwa chanjo ya mifugo.

Polio imekuwa ngumu kuliko ndui. Wengi wanaoibeba hawaonyeshi dalili yoyote. Ni kama mmoja tu katika 200 anayepooza, kwa hiyo huwezi kumsubiri mgonjwa ndipo umzunguke. Maalin alijitolea katika kampeni ya polio nchini Somalia. Alisema nchi yake ilikuwa ya mwisho kwa ndui na hakutaka iwe ya mwisho tena. Alipokutana na wazazi waliokataa chanjo aliwasimulia yaliyompata yeye. Mwaka 2013 polio ilirudi Somalia na kuvuka hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Maalin akatoka tena kwenda kuchanja. Akiwa katika kazi hiyo alishikwa na homa, akafariki Julai 22, 2013, kwa malaria.

Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena polio ya asili, lakini mapema mwaka 2022 ikaonekana Malawi, ikiwa imetoka Pakistan, na Tanzania ikalazimika kuungana na majirani kuchanja watoto upya nyumba kwa nyumba.

Tuna mazoea ya kudhani chanjo ni mambo ya watoto wa kliniki. Mgonjwa wa mwisho wa Merca alikuwa mtu mzima, tena mfanyakazi wa hospitali. Mama mjamzito akichanjwa pepopunda, kinga humfikia mtoto kabla hajazaliwa. Mhudumu wa afya anahitaji chanjo ya homa ya ini B. Binti anahitaji chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Na surua, inayoambukiza kuliko ndui, huhitaji watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi mbili ndipo isipate pa kupenya. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, ya pili miezi 18, na hii ya pili ndiyo wazazi wengi huisahau, kwa kuwa mtoto ameshatembea na safari za kliniki zimepungua. Fungua kadi ya mwanao leo uitazame. Kama nafasi hiyo iko wazi mpeleke, hata kama miezi imepita, atachanjwa.