Tangi la Vyura wa Usambara

Tangi la vyura ni sanduku la kioo la kufugia amfibia nyumbani, maabara au kwenye bustani ya wanyama. Ulaya, Marekani na Japani, mkazi wake maarufu ni salamanda tumbo-moto wa jenasi ya Cynops, ambaye hutumia sehemu kubwa ya maisha majini. Afrika kusini mwa Sahara haina salamanda wa asili hata mmoja; wachache wa bara hili wako kaskazini, katika nchi kama Moroko na Algeria. Mwenye mkia anayeonekana kidimbwini huko Lushoto au Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ni kiluwiluwi, na mkia huo utamwisha akikua.

Kwa hiyo tangi la Usambara hupangwa kwa ajili ya chura wa mitini. Anayefahamika zaidi kwa wafugaji wa ng'ambo ni Leptopelis vermiculatus, aliyeelezwa kisayansi na mwanazoolojia Boulenger mwaka 1909 kutokana na vielelezo vya Amani. Jike hufikia sentimita 8 hivi. Dume ni mdogo zaidi. Wengine ni wa kijani kibichi wenye michirizi myeusi iliyojipinda kama vijinyungunyungu, ndiyo asili ya jina lao. Wengine ni kahawia. Mchana hujikunyata juu ya jani, miguu imefichwa chini ya tumbo, hata mgeni akadhani tangi ni tupu. Usiku macho yale makubwa hufumbuka, mboni zimesimama wima, na nyenje aliyetiwa tangini hana muda mrefu.

Tangi lake huhitaji kimo kuliko upana. Chini huwekwa udongo wenye majani yaliyooza, unene wa kumwezesha kujifukia; juu yake matawi, makangaga na, kwa anayependa, Saintpaulia, ua la Usambara ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani miaka ya 1890 na ambalo leo limejaa madirishani duniani. Bakuli la maji halikosekani. Maji ya bomba yenye klorini huachwa siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi kwanza, kwa sababu chura hanywi kwa mdomo: hukalia maji, ngozi ikayafyonza pamoja na kila kilichomo. Anayetaka azaliane lazima aweke tope kando ya maji, kwani jike hufukia mayai ardhini, si majini.

Kosa la kawaida ni taa ya joto. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na mwezi Julai watu huko huvaa makoti. Nyuzi 18 hadi 24 zinamtosha chura huyu. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari inaweza kumuua. Unyevu nao usigeuke uvundo: mfuniko uwe wa wavu, maji yanyunyizwe jioni, na asubuhi kioo kiwe kimeanza kukauka.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Kuvu wa kitridi hushambulia ngozi za amfibia na huenea kupitia maji na wanyama wanaosafirishwa. Kuvu ndugu yake, aliyeelezwa mwaka 2013, aliwateketeza salamanda wa Ulaya baada ya kuingia na wanyama kutoka Asia. Mwaka 2016 Marekani ikazuia uingizaji wa spishi 201 za salamanda. Maji ya tangi hayamwagwi mtoni, wala chura aliyefugwa harudishwi msituni kwa huruma tu. Mwaka huohuo wa 2016 Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, akiwemo tornieri wa Usambara anayezaa vichura hai bila viluwiluwi, wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini.

Ndugu wa tornieri ndiye aliyelipa tangi heshima yake. Chura wa Kihansi, wa milima ya Udzungwa, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko hadi maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 spishi ilitangazwa kutoweka porini. Mwaka uliofuata vyura 100 waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura waliofugwa wakaanza kurudishwa Kihansi, ambako mabomba yaliyotandazwa korongoni hunyunyiza maji badala ya maporomoko.