Dawa Ilitangulia, Kliniki Zikafuata

Mwaka 1672 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za mwanamke aliyezungumza bila shida, lakini akiongea sana au kwa haraka sauti ilipotea kabisa, ikarudi baada ya saa moja au mbili za kupumzika. Zilipita zaidi ya karne mbili ndipo Friedrich Jolly wa Berlin, mwaka 1895, akaupa ugonjwa huo jina la miastenia gravis. Kope huanguka, macho huona vitu viwili viwili, chakula hukwama kooni, na ukizidi, misuli ya kupumua nayo huchoka. Madaktari walijua kuueleza. Kuutibu hawakujua.

Tiba ilianzia kwenye maharage ya Calabar, Nigeria, ambayo Waefik waliwalisha washtakiwa kama kiapo, jinsi mwavi ulivyotumika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kati. Aliyetapika alihesabiwa hana hatia. Sumu ya maharage hayo, fisostigmini, ndiyo Mary Walker aliyomchoma mgonjwa wake mwaka 1934 katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich. Kope zikainuka, nguvu zikarudi kwa saa chache. Walker hakuwa profesa. Alikuwa daktari msaidizi katika hospitali ya wakazi maskini wa London, na ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii.

Lakini saa chache si maisha. Nani angemsaidia mgonjwa pumzi ikimwishia usiku wa manane? Jibu lilitoka Copenhagen mwaka 1952, polio ilipowapooza mamia ya watu. Bjørn Ibsen alishauri mgonjwa atobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mfuko wa mpira, na wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu kuukamua kwa mikono, usiku na mchana. Hapo ndipo wadi za wagonjwa mahututi zilipopata mizizi, na wenye miastenia wakawa miongoni mwa walionufaika. Mwaka huohuo Jane Ellsworth, mzazi wa mgonjwa, alianzisha taasisi ya miastenia Marekani. Huko New York, Kermit Osserman alikuwa na kliniki yake maalumu katika hospitali ya Mount Sinai, wagonjwa wakikutana na daktari aliyewahi kuwaona mamia kama wao.

Sayansi iliendelea. Mwaka 1960 John Simpson wa Glasgow alipendekeza kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia mwili wenyewe; mwaka 1973 majaribio ya sungura huko California yakampa nguvu. Zikaja dawa za kutuliza kinga, upasuaji wa tezi ya thaimasi, inayohusika na kinga hiyo, ukaimarika, na vifo vikapungua sana. Ufaransa ilitangaza mpango wa taifa wa magonjwa adimu kama huu mwaka 2004, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukaanzisha mitandao 24 ya mabingwa, ili faili la mgonjwa lisafiri badala ya mgonjwa mwenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki kuujua ugonjwa huu kuna uzito wa pekee. Kwinini, jentamisini, siprofloksasini na magnesi wanayochomwa wajawazito wenye kifafa cha mimba ni dawa zinazookoa maisha kila siku katika wadi zetu, na zote zinaweza kumzidishia mwenye miastenia udhaifu mpaka ashindwe kupumua. Mgonjwa wa Kigoma yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Haiwezekani bingwa awe kila wilaya, na si lazima. Piridostigmini, kidonge cha kila siku cha ugonjwa huu, kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kinatakiwa kifike duka la dawa la hospitali ya mkoa na kisikatike. Kila mgonjwa apewe kadi yenye jina la ugonjwa na dawa za kuepuka. Tabibu wa zahanati awe na namba ya simu ya bingwa anayepokea usiku, na mgonjwa anayeanza kushindwa kumeza apewe rufaa siku hiyohiyo kwenda palipo na mashine ya kupumulia, bila kusubiri apungukiwe hewa.