Je, Shilingi ya Elimu Imewahi Kuvuka Kizingiti cha Nyumba?

Kuna kauli inayorudiwa Machakos na watu wasiokubaliana kwa lolote jingine. Mzazi anayewasomesha wanawe nyumbani kule Syokimau huitamka kwa uchungu. Mwalimu wa shule ya umma kule Kathiani huitamka ili kufunga mjadala. Wote wawili hushikilia kwamba serikali ya Kenya haijapata kutoa hata shilingi moja kumnunulia kitabu mtoto asomeaye nyumbani. Kauli ikikubaliwa na pande mbili zinazovutana, na hakuna aliyeonyesha karatasi, mimi huingiwa na shaka. Ni nani aliyewahi kuikagua?

Nimeamua kuifuata shilingi hiyo tangu ilikoanzia, nawe tufuatane. Machakos panafaa kuwa mwanzo wa safari. Hapa palikuwa kituo cha Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1880, kabla Nairobi haijawa mji. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia Ukambani mwaka 1895, wakaanzia Nzaui. Miaka 20 baadaye, mwaka 1915, ikafunguliwa shule ya serikali ambayo leo tunaijua kama Machakos School. Simulizi la kawaida ni kwamba hapo ndipo elimu ilipozaliwa. Nalipinga. Mvulana wa Kikamba alikuwa akifundishwa na wazee kwenye thome, mahali pao pa kukutania, na msichana akifundishwa na nyanya yake jikoni, na hapakuwa na ada wala daftari la mahudhurio. Kilichozaliwa 1915 ni kitu kingine: elimu yenye bajeti. Bajeti hiyo ilimlipa nani?

Jibu lilinipeleka Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ndani ya jengo la zamani la benki pale Moi Avenue. Mafaili ya utawala wa wilaya ya Machakos yamepangwa chini ya alama DC/MKS. Niliyafungua nikiwa na swali moja tu: nyumba ya mzazi imetajwa wapi? Mpangilio wa fedha za enzi hizo unajulikana. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa misheni zilizoendesha shule. Kuanzia miaka ya 1920, mabaraza ya wenyeji yakaanza kutoza kodi za nyongeza na kuzigawa kwa elimu. Mkamba akalipa kodi ya kichwa, kodi ya baraza na ada ya shule, yote kutoka mfuko mmoja. Fedha zikaenda kwa mwalimu, kwa bati, kwa dawati. Nyumba ilihesabiwa wakati wa kutozwa kodi, na wakati wa kugawa haikuonekana. Njia ikaishia ukutani. Je, uhuru uliubomoa ukuta huo?

Hapa wazee wa Machakos huchangamka. Watakusimulia kuhusu mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, na jinsi vilivyojenga madarasa kwa mawe ya vilima vya Iveti na mchanga wa mito. Simulizi hili nalikubali, kwa kuwa majengo bado yamesimama. Ila litazame kwa jicho la mhasibu. Utaratibu wa Harambee ulitaka wananchi wajenge kwanza, ndipo serikali ifikirie kuwaletea mwalimu. Jamii isiyo na ukuta haikuwa na cha kuombea. Hivyo mwananchi mwenyewe, kwa jasho lake, akaukoleza mkondo uleule wa kikoloni: fedha za umma hufuata jengo. Basi hadithi wanayosimulia wengine, ya vitabu vya bure vya zamani, ilitoka wapi?

Ilitoka miaka ya 1970. Mwalimu mstaafu mmoja wa Mwala alinieleza kwa fahari jinsi masanduku ya vitabu na madaftari yalivyofika shuleni yakiwa yamefungwa. “Mwanangu, hata kalamu tulipewa,” akasema. Kumbukumbu yake ina msingi. Mwaka 1974 ada ziliondolewa kwa darasa la kwanza hadi la nne, na mpango wa vifaa vya shule wa serikali ulikuwa ukinunua vitabu na kuvisambaza. Lakini kumbukumbu hiyo huacha nusu ya habari. Shule nyingi ziliweka michango ya majengo ili kuziba pengo, na baadhi ya wazazi wakajikuta wanalipa zaidi ya zamani. Sanduku nalo lilipelekwa shuleni, likahesabiwa shuleni, likafungiwa kabati la shule. Kabati hilo lilikaa na vitabu kwa muda gani?

Si muda mrefu. Sera ya kugawana gharama ilipoingia mwaka 1988, kitabu kilirudi mikononi mwa mzazi. Serikali ikabaki na mshahara wa mwalimu, mzazi akabeba vitabu, sare na majengo. Kwa takriban miaka 15, mama wa Kangundo mwenye mtoto shuleni na mama wa Kangundo anayemfundisha mwanawe sebuleni walisimama kwenye foleni moja ya duka la vitabu, wakatoa noti zilezile. Wanaosema kwamba serikali siku zote imewalipia vitabu watoto wa shule wanakisahau kipindi hiki chote. Ni nini kilichowatenganisha tena wazazi hao wawili?

Kilichowatenganisha ni Januari 2003. Elimu ya bure ya msingi ilitangazwa, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Serikali ikaweka mgao wa Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Fedha hizo ziligawanywa katika akaunti mbili. Sh650 ziliingia akaunti ya vifaa vya kufundishia, ile ambayo walimu wakuu bado huiita SIMBA, na Sh370 zikaingia akaunti ya matumizi ya jumla. Nimezitafakari sana hesabu hizi, kwa sababu hapa ndipo njia inapopinda. Shilingi iliyokuwa ikihesabiwa kwa darasa au kwa mwalimu sasa ilihesabiwa kwa kichwa cha mtoto. Tena sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya vitabu. Kama mtoto ndiye kipimo, kwa nini fedha zisimfuate alipo?

Kanuni zilijibu swali hilo upesi. Ili Sh650 zitumike, palihitajika akaunti ya benki kwa jina la shule, kamati ya shule ya kuchagua vifaa, orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, na leja. Mzazi hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mwaka 2018 mlango ukabanwa zaidi: wizara ilianza kununua vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, shabaha ikiwa kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi. Shule yenyewe ikapokonywa nafasi ya kununua, sembuse mzazi. Mgao nao ukategemea mfumo wa taarifa wa NEMIS, ambamo mtoto alipewa nambari yake kupitia shule iliyosajiliwa. Asiye na shule hakuwa na nambari, na asiye na nambari hakuwa na mgao. Je, huo ni utaratibu wa kihasibu tu, au ni sheria?

Nikageukia sheria. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Inasema elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inashuka hatua moja na kusema shule: kifungu cha 30 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo inazitambua shule za umma na shule za binafsi. Nyumba haimo. Kwa hiyo wanaodai kwamba kusomesha nyumbani ni kosa la wazi huegemea kifungu cha 30, na wanaodai kwamba ni haki huegemea Ibara ya 53. Mvutano huo umefika hadi Mahakama Kuu. Nimezipima pande zote mbili, na naona kila moja inasoma nusu ya ukurasa. Ila hata ukisoma ukurasa mzima, kuna mahali popote panapokataza mtoto kuazimwa kitabu cha serikali?

Sikupaona. Hilo likanipa nguvu ya kurudi nyuma kutafuta mfano, na mfano wenyewe ulikuwa Kikuyu, magharibi mwa Nairobi. Mwaka 1967 chuo kikuu kilianzisha pale kitengo cha masomo kwa njia ya posta, kikisaidiwa na serikali ya Marekani. Mwanafunzi alitumiwa miongozo ya masomo nyumbani kwake, akasikiliza vipindi vya redio ya Sauti ya Kenya, akaandika majibu, akayaposti, yakarudi yamesahihishwa. Walengwa wakuu walikuwa walimu wa msingi wasio na sifa kamili, waliotawanyika vijijini nchi nzima, na maelfu yao walipanda daraja kwa njia hiyo. Fedha za umma, vifaa vya masomo, nyumba ya mwanafunzi: vyote vitatu vimekutana. Lakini walikuwa watu wazima, na wengi walikuwa tayari wako kazini. Je, ushahidi huo unatosha kwa mtoto wa miaka tisa?

Hautoshi peke yake. Unatosha kuonyesha kwamba serikali iliweza kutuma somo nje ya ukuta wa shule, likapimwa na kukubaliwa. Kwa mtoto wa miaka tisa ushahidi upo karibu zaidi, na cha ajabu ni kwamba sote tuliushuhudia tukausahau. Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ikapeleka masomo kwenye redio, runinga na intaneti. Ufadhili wa kimataifa wa dola milioni 10.8 uliidhinishwa ili watoto wa Kenya waendelee kusoma wakiwa nje ya shule. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba 12, na mengine yote Januari 4, 2021. Kwa miezi hiyo, nyumba ya Masinga na nyumba ya Mlolongo zote zilikuwa darasa lililotambuliwa na dola. Ikiwa hivyo, ile kauli iliyonitoa Machakos bado inasimama?

Mpinzani atanijibu kwamba ile ilikuwa dharura, na dharura haiweki desturi. Hoja hiyo ni nzito, na kwa kweli masomo yale hayakuwafikia wote: nyumba isiyo na umeme wala redio ilibaki kimya. Basi tuiweke korona kando. Mwaka 2018 wizara ilitoa sera ya wanafunzi wenye ulemavu, nayo inatambua elimu ya nyumbani kwa mtoto ambaye hali yake haimruhusu kufika shuleni. Huyu si mtoto wa mzazi tajiri anayeagiza vitabu ng'ambo. Ni mtoto wa Yatta ambaye hawezi kutembea, na shule iko mbali naye. Sera imemwona. Nani atampelekea kitabu mlangoni?

Wakati huohuo mama yake akienda dukani kumnunulia kitabu, anakatwa ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16, uliowekwa juu ya vitabu na sheria ya 2013. Nalitaja hili kwa sababu hubadilisha hesabu nzima. Mzazi wa nyumbani huchangia kapu la elimu kwa kodi zake zote, haombi mshahara wa mwalimu, haombi darasa, halafu anatozwa tena kwenye kitabu. Sioni haki hapo. Je, kuna nchi iliyothubutu kumrudishia chochote?

Ipo, na haina njia laini. Jimbo la Alaska, Marekani, lina historia ndefu ya masomo ya posta kwa watoto wa sehemu za mbali. Sheria ya 2014 iliruhusu wilaya za shule kuwapa wazazi mgao wa kununulia vifaa na huduma za masomo. Baadhi ya mgao ukaishia kwenye karo za shule za binafsi. Aprili 2024 jaji akaibatilisha sheria hiyo, maana katiba ya jimbo inakataza fedha za umma kwa manufaa ya moja kwa moja ya taasisi ya dini au ya binafsi. Juni mwaka uleule mahakama ya juu ya jimbo ikaurejesha utaratibu na kuirudisha kesi chini. Funzo ninalochukua ni finyu: ugomvi haukuzuka juu ya kitabu cha hesabu, ulizuka fedha taslimu zilipofika mahali pasipokusudiwa. Je, Machakos inaweza kuchukua kitabu na kuiacha fedha taslimu?

Naamini inaweza, na huo ndio uamuzi wangu baada ya safari hii. Kauli kwamba shilingi ya elimu haijapata kumfikia mwanafunzi nyumbani si kweli. Ilimfikia kutoka Kikuyu kwa posta, ikamfikia mwaka 2020 kwa redio. Kilicho kweli ni kwamba haijapata kumfikia mtoto kwa utaratibu wa kudumu ulioandikwa. Siungi mkono kumpa mzazi hundi. Mgao wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka, na kuufuatilia nyumba kwa nyumba kungegharimu kuliko mgao wenyewe. Naunga mkono kitu kidogo zaidi: mtoto wa nyumbani aandikishwe kwenye shule ya umma iliyo karibu, apewe nambari, aazimwe vitabu vilevile ambavyo serikali tayari inavinunua, afanye tathmini pamoja na wenzake, na avirudishe vitabu mwisho wa mwaka. Tuanze na mtoto mwenye ulemavu, ambaye sera ya 2018 tayari inamtaja. Hilo linahitaji marekebisho ya Sheria ya 2013, na marekebisho hufanywa na Bunge. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Mgombea ubunge akifika kwako, Mavoko au Masinga, mwombe aeleze msimamo wake juu ya kifungu cha 30 na juu ya vitabu vya mtoto asomeaye nyumbani, kisha mwombe auweke kwa maandishi.